Kumi kwa Nane, Raundi ya Tisa

Kwa siku tatu Afande na mumewe walikuwa wakisalimiana kwa ufupi, na aliyewagombanisha ni mwanamume wa kilo mia na kumi na tisa aitwaye Kabati.

Mume ni kinyozi. Saluni yake ina viti viwili na kioo kimoja kirefu, na tangu Jumapili asubuhi ilikuwa imegawanyika. Waliosema Kabati kashinda kihalali walikaa upande wa dirisha, waliosema Tofali kaonewa walikaa upande wa mlango, na kila upande ulikuwa na mtu mmoja aliyejua kuliko wote na asiyejua kunyamaza. Kinyozi mwenyewe alikuwa wa Kabati, damu na nyama. Afande alipoingia Jumanne saa mbili asubuhi kumwachia funguo za nyumba, alimkuta ameweka wembe kwenye shingo ya mteja wa upande wa mlango, na mteja katulia tuli, hana maoni yoyote kuhusu ngumi.

Afande alitumikia polisi miaka ishirini na sita, akastaafu akiwa sajenti. Cheo kiliisha, jina likabaki. Hata mumewe alimwita hivyo, hasa akitaka kitu. Sasa kamati ya ngumi ilikuwa imempa uchunguzi wa siku tatu, na hii ndiyo siku ya mwisho. Saa kumi alasiri kamati ingekaa, na kama yeye hangeleta jambo jipya, jaji wa tatu angefungiwa maisha na faili lake lingepelekwa polisi kama mla rushwa. Jaji huyo alikuwa na miaka sitini na nane. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, amekaa kando ya ulingo miaka thelathini na moja, na watu wa ngumi walimwita Mwalimu, basi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amekosea kujumlisha.

Kwa ambaye hakuliona pambano la Jumamosi usiku, mambo yalikwenda hivi. Raundi kumi za uzito wa juu, mkanda ukigombewa. Tofali kona nyekundu, Kabati kona ya bluu. Kabati alianza vizuri, Tofali akamalizia vizuri zaidi, na katika raundi ya tisa Tofali alimshindilia konde la kushoto, Kabati akakaa chini kama mtu aliyetafuta kiti akakikosa. Refa akahesabu mpaka nane. Mwisho wa yote mtangazaji akasoma: majaji wawili kwa mmoja, mshindi Kabati. Hakusema jaji yupi kampa nani, na ukumbi ulichafuka hivi kwamba hata angesema asingesikika.

Kesho yake alama zikatoka. Jaji wa kwanza kampa Tofali. Jaji wa pili kampa Kabati kwa pointi moja tu. Wa tatu, Mwalimu, kampa Kabati tisini na saba kwa tisini na mbili. Lakini kilichowachoma watu roho ni raundi ya tisa. Mshindi wa raundi hupata kumi, mwenzake tisa, na aliyeangushwa hushushwa mpaka nane. Mwalimu alikuwa ametoa kumi kwa nane: kumi za Kabati aliyekaa chini, nane za Tofali aliyemkalisha.

"Wewe mtu wa Kabati," Afande akamwambia mumewe. "Raundi ya tisa ungempa nani?"

Kinyozi aliinua wembe, akafikiri. Mteja akapata nafasi ya kumeza mate.

"Mengine yote Kabati alishinda, na sitabadili," akasema. "Ila hiyo siwezi. Mtu alikuwa chini, Afande. Hata mama yake mzazi asingempa."

"Na kama ungekuwa umehongwa?"

"Ningemwibia Tofali raundi ya nne, au ya sita. Zile za kukumbatiana, refa mwenyewe anapiga miayo. Ningeandika kumi kwa tisa nikaenda zangu. Nani angenijua?"

Afande aliweka funguo juu ya meza ya mikasi. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua tangu Jumapili, na mumewe kalisema akiwa hajakunywa hata chai. Mwizi huchukua kilicho gizani. Aliyeandika kumi kwa nane katika raundi ile hakuwa anaiba, au alikuwa mwizi wa kwanza duniani kuiba chini ya taa zote huku akipunga mkono. Akampiga mumewe kofi dogo la mgongoni, la mapenzi, akamwambia leo amefaa. Kinyozi akauliza kama maana yake ni kwamba amekubali Kabati alishinda. Haikuwa maana yake.

Ofisi ya kamati ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo. Mwenye ofisi, kwa maoni yake mwenyewe, alikuwa Karani, kijana nadhifu aliyeajiriwa miezi mitatu nyuma na asiyeweza kuona vitu viwili bila kuvipanga. Faili zilifuata alfabeti. Mihuri ilifuata alfabeti. Vikombe vya chai vilibandikwa vyeo na vikapangwa rafuni, cha Karani kabla ya cha Katibu, cha Katibu kabla ya cha Msimamizi, na cha Mwenyekiti mwishoni, jambo ambalo Mwenyekiti hakulipenda lakini hakujua alipinge vipi.

Afande aliomba karatasi zenyewe za Mwalimu, zile alizoandika kwa mkono. Karani alishangaa. Tangu Jumapili hakuna aliyeziomba; wote waliridhika na jedwali alilolipiga chapa yeye, zuri, lenye mistari. Mwalimu je, alionyeshwa? Alionyeshwa sahihi, Karani akaeleza. Mwenyekiti aliishika karatasi ya raundi ya tisa upande wake wa meza, akaweka kidole kwenye sahihi, akauliza kama ni yake. Mwalimu alitazama, akakubali, akaomba ruhusa kuondoka. Tangu hapo hajatamka neno.

Zilikuwa karatasi kumi, kila moja ukubwa wa kiganja, moja kwa raundi. Juu herufi ndogo, katikati visanduku viwili vya alama, chini sahihi. Afande hakuanza na alama. Alizoea kuanza na karatasi yenyewe, kwa hiyo alizigusa moja moja, akazinusa, akaziinua dirishani. Saba za kwanza zilikuwa za rangi ya chai ya maziwa. Tatu za mwisho zilikuwa nyeupe pee.

Msimamizi wa alama akaitwa, mzee makini mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye usiku ule ndiye aliyepokea karatasi za majaji na kujumlisha. Alikuwa amekonda tangu Jumamosi. Alisema yeye alisoma kilichoandikwa, juu mpaka chini, kila karatasi mara mbili, na ile ya raundi ya tisa aliisoma mara tatu kwa sababu hakuamini macho yake. Lakini kazi yake ni kujumlisha, si kubishana na jaji. Kuhusu weupe alikuwa na jibu rahisi. Kila jaji ana kijitabu chake cha karatasi hamsini, anakaa nacho nyumbani. Baada ya raundi ya saba Mwalimu aliinua mkono: kijitabu kimeisha. Msimamizi akampa kipya kutoka kwenye boksi lililotoka kwa mpiga chapa siku moja kabla. Majaji wengine wawili walikuwa bado na karatasi tele za zamani.

"Na hii, Afande, usiisahau," Karani akasema, akitoa bahasha.

Afande hakuwa ameisahau, ilikuwa imemla siku mbili. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya alama ya ile rangi ya chai, iliyookotwa na mfagiaji chini ya kiti cha Mwalimu. Haikuwa na sahihi. Mwandiko ulikuwa wa duara, wa mtu mwingine kabisa. Nyekundu kumi, bluu tisa, na kwenye nafasi ya raundi: 41.

Hakuna pambano lenye raundi arobaini na moja. Mwenyekiti alishakata kauli kwamba hiyo ni namba ya siri ya wapanga matokeo, na Afande, tuseme ukweli, alikuwa amemfuata kwenye upuuzi huo. Alikagua nyumba namba arobaini na moja katika mitaa mitatu. Aligonga chumba cha arobaini na moja katika nyumba ya wageni, akamwamsha muuza magodoro asiyemjua bondia hata mmoja, na ambaye alijaribu kumuuzia godoro.

Sasa alikaa, akaivuta karatasi, akahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kijitabu kina karatasi hamsini. Saba zilitumika ulingoni. Arobaini na tatu ziko wapi? Ukumbi ulikuwa ukipakwa rangi, wiki sita nzima hakukuwa na pambano hata la watoto. Akamwomba Karani tarehe ambayo Mwalimu alichukua kijitabu kile. Karani aliipata mara moja, kwa kuwa ilikuwa chini ya M. Ilikuwa Jumamosi, wiki sita kamili kabla ya pambano.

Siku arobaini na tatu, ukihesabu ya kwanza na ya mwisho. Karatasi moja kwa siku.

Afande akauliza kama siku ile kulikuwa na jambo. Msimamizi ndiye aliyekumbuka. Mwalimu alipita mbio asubuhi, kijitabu akakitia mfukoni bila kukitazama, kwa sababu mkewe alikuwa anapasuliwa koo siku hiyo. Bado yuko hospitali? Bado, masikini. Afande alisimama. Aliomba karatasi chache tupu za kulinganisha, Karani akamchania tatu kutoka kwenye boksi jipya na kumtaka asaini.

"Hizi mpya nimezipanga mwenyewe," akasema kwa fahari. "Za zamani zilikuwa shaghalabaghala."

Afande alimsifu, akazisukuma ndani ya mkoba bila kuzitazama. Hapo hata sajenti wa miaka ishirini na sita alipitiwa.

Njiani alikuwa na mlango mmoja wa kubisha. Mwenyekiti alikuwa amemnong'oneza kwamba Kabati aliwahi kusomeshwa na Mwalimu, na kwake huo ulikuwa ushahidi tosha. Afande alimkuta bondia kwenye ukumbi wa mazoezi, anafagia. Kabati alikubali haraka. Alifundishwa hesabu na Mwalimu miaka miwili na hakuwahi kupata zaidi ya thelathini katika mia. Kama Mwalimu angekuwa mtu wa kupendelea, alisema, si angeanzia pale? Mkanda ulikuwa kwenye kabati la nguo, umefungwa kwenye taulo. Hakuwa ameuvaa tangu Jumamosi.

"Mimi nilikuwa chini, Afande," akasema taratibu. "Niliona viatu vya refa. Ukishaona viatu vya refa, unajua raundi si yako."

Basi akaendelea kufagia. Afande alitoka akimpenda kidogo, jambo ambalo hangemwambia mumewe kwa dawa.

Wadi ya wanawake ilikuwa ghorofa ya pili, na kitanda kilikuwa cha mwisho, dirishani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya chungwa kwa uangalifu wa mtu anayechora duara ubaoni. Mkewe alikuwa ameegemea mito miwili, shingo imefungwa bendeji. Mama huyu ndiye aliyekuwa sauti ya stesheni ya treni kwa miaka ishirini na miwili. Watu wa mji mzima walikimbia au kutulia kwa neno lake. Sasa daktari alimkataza kutoa hata mnong'ono kwa siku sitini. Afande aliwaamkia wote wawili. Mwalimu aliitikia, mama akainua mkono, akachukua kipande cha boksi la dawa na penseli, akaandika kwa mwandiko wa duara: "Karibu mwanangu. Huyu hakuniambia tuna mgeni."

Afande aliutazama mwandiko ule, kisha akamtazama Mwalimu. Mwalimu aliweka chungwa chini, akamwomba watoke nje kidogo.

Kwenye benchi la korido alisema kwamba sahihi ni yake, aandike anachotaka, yeye hana la kuongeza. Afande akamwambia alichosema kinyozi: kwamba hakuna mwizi anayemwibia mtu raundi ya tisa ile. Kwa hiyo yeye haamini kama kuna rushwa. Anachotaka kujua ni kitu kimoja, Mwalimu alipotoka ukumbini alidhani kampa nani?

Mzee alisubiri toroli la chakula lipite.

"Tofali," akasema. "Niliposikia wawili kwa mmoja nikajua yule mmoja ni mimi, nimezidiwa kura, nikaja zangu huku. Jumapili naambiwa nimempa Kabati. Sahihi yangu ipo. Afande, mimi naliona lile konde mpaka sasa. Naona Kabati anakaa. Na mkono wangu uliandika kinyume, raundi tatu mfululizo, na sikumbuki."

Mzee akashusha sauti.

"Baba yangu alianza hivyo hivyo. Kwanza alikosea siku. Halafu akakosea mlango. Mwishoni aliniuliza mimi ni mtoto wa nani."

"Kwa hiyo ni afadhali uitwe mla rushwa?"

"Mla rushwa anaweza kumpikia mkewe uji," Mwalimu akasema. "Kichwa kikiondoka, yule pale nani atamtunza? Wakinifungia, wanifungie. Yeye asijue."

Afande alimwonea huruma. Mzee alikuwa amebeba hofu hiyo siku tatu, anamenya machungwa, anatabasamu, na saa kumi alikuwa tayari kupoteza jina la miaka thelathini na moja ili mkewe alale vizuri. Akamwambia arudi ndani, wamalize kwanza suala la raundi ya arobaini na moja.

Aliposikia namba hiyo, mama alitingisha mabega kwa kicheko kisicho na sauti. Alivuta mkebe wa biskuti chini ya mto, akaufungua. Ulijaa karatasi za alama, za rangi ya chai, zimefungwa kwa utepe wa bendeji. Maelezo yaliandikwa taratibu kwenye boksi la dawa, na Mwalimu akajazia kwa aibu. Siku ile ile ya upasuaji, mama alipozinduka, alitaka kugombana naye kwa sababu kaleta kanga isiyo yake, na hakuwa na sauti. Mwalimu akampa kijitabu aandike. Kuanzia hapo kila siku ikawa raundi. Mama kona nyekundu, Mwalimu kona ya bluu, wanabishana kwa maandishi mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe, kisha mama, akiwa bondia na jaji kwa pamoja, anatoa alama. Katika raundi arobaini na tatu Mwalimu alikuwa ameshinda nne. Ya arobaini na moja, ya Alhamisi, ilihusu kama uji ulikuwa na chumvi, na mshindwa alitakiwa atembee na ushahidi mfukoni.

"Na rufaa hakuna?" Afande akauliza.

Mama akaandika: "Uamuzi wa jaji ni wa mwisho." Kisha, mumewe alipoinama kuokota ganda la chungwa, akamwonyesha Afande gazeti la siku ile. Katikati ya ukurasa wa michezo palikuwa pamekatwa shimo la mraba. Akaandika pembeni yake, kwa hasira kidogo: "Siku ya tatu gazeti lina dirisha. Ananiona mjinga?"

Hapo namba ya siri ya Mwenyekiti ikawa imekufa, na pia ikajulikana kwa nini kijitabu kiliisha raundi ya saba. Lakini kumi kwa nane ilikuwa bado inakaa pale pale. Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo.

Afande alifungua mkoba, akatoa karatasi moja tupu, nyeupe, akamwekea Mwalimu mapajani.

"Niandikie raundi ya tisa," akasema. "Kama unavyoikumbuka wewe, si wao."

Mwalimu alitazama karatasi kama mtu aliyeombwa aonyeshe kidonda. Lakini kalamu ilipofika mkononi, mkono haukusita. Kisanduku cha kushoto, kumi. Cha kulia, nane. Sahihi. Muda wote macho yake yalikuwa dirishani, mahali fulani ambapo Kabati alikuwa anakaa chini tena.

"Kumi ya nani?"

"Ya Tofali. Kona nyekundu. Nyekundu ni kushoto."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze. Miaka thelathini na moja."

Ndipo Afande akafanya alichopaswa kufanya asubuhi. Akaisoma karatasi kuanzia juu, zile herufi ndogo ambazo hakuna jaji anayezisoma, kama vile hakuna anayesoma jina la mtaa anaoishi. Akachomoa karatasi moja ya zamani kwenye mkebe, akaziweka zote mbili pamoja juu ya shuka. Ya zamani, kushoto nyekundu, kulia bluu. Mpya, kushoto bluu, kulia nyekundu. Akaviona akilini vile vikombe vya chai vya ofisini, Karani, Katibu, Msimamizi, Mwenyekiti. B kabla ya N. Yule kijana nadhifu alikuwa amezipanga hata kona za ulingo kwa alfabeti, na hakumwambia mtu, kwa sababu nani anatangaza kwamba amefuta vumbi?

"Mwalimu," akasema. "Soma juu."

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma mpya, akasoma ya zamani, akarudia mpya.

"Ni karatasi?" akauliza.

"Ni karatasi. Wewe uliandika ulichokiona. Msimamizi alisoma kilichochapwa juu. Hakuna aliyekosea zaidi ya alfabeti."

"Raundi ya nane, tisa na kumi. Tatu tu. Zilizobaki ni sawa." Alikuwa anahesabu, midomo inacheza. "Sitini na sita kwa sitini na saba mpaka ya saba. Ukiongeza thelathini kwa ishirini na sita. Tisini na sita kwa tisini na tatu, Tofali." Akamgeukia Afande kama mwanafunzi anayesubiri alama ya vyema. "Ni hivyo?"

Afande alijumlisha kwa penseli, akachelewa sana kuliko yeye, akapata jibu lile lile. Alimwambia kwamba hicho kichwa, kama anataka kukigawa, yeye yuko tayari kukichukua. Mwalimu akacheka, kicheko kikakatika katikati, na akalia waziwazi, miwani mkononi, mbele ya wadi nzima. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajigeuza ukutani kwa adabu.

Mama alikuwa ametazama yote hayo bila penseli. Sasa alipiga kidole kwenye shuka mara mbili, kama mtu anayegonga kaunta ya tiketi: nieleze. Mwalimu akamweleza. Alianza na gazeti, akafika kwenye sahihi, na mwisho, akitazama sakafu, akamweleza habari ya baba yake na alichokuwa anaogopa tangu Jumapili. Afande alijifanya anatafuta kitu mkobani. Alikuwa anafikiri namna ya kubandika tisini na sita kwa tisini na tatu kwenye kioo cha saluni, na kwa maandishi makubwa kiasi gani.

Ilipofika saa tisa kasorobo aliwaambia kwamba lazima waondoke. Alitaka Mwalimu mwenyewe akae mbele ya kamati, aandike raundi ya tisa upya mbele ya macho yao, na Karani awepo na boksi lake. Mwalimu alijipangusa uso, akavaa koti, akainama kumrekebishia mkewe mito.

Mama akamzuia kwa mkono mmoja. Mwingine aliunyoosha kwa Afande, akaomba karatasi. Afande alimpa moja ya zile mbili nyeupe zilizobaki. Mama aliitazama juu kwanza, akaandika raundi, 46, akajaza visanduku, akageuza nyuma akaandika kitu kirefu kidogo, akaigeuza tena na kumpa mumewe.

Kushoto nane. Kulia kumi. Uso wa Mwalimu ulianza kung'aa, ushindi wa tano katika wiki sita na zaidi. Kisha akasita. Akaileta karatasi karibu na miwani, akasoma herufi ndogo za juu, polepole, moja baada ya nyingine.

"Bluu nane," akasema. "Nimepigwa." Halafu akakunja uso, jaji ndani yake akaamka. "Kumi kwa nane? Nimeanguka wapi mimi?"

Mama akazungusha kidole hewani: geuza.

Nyuma alikuwa ameandika: "Ulipoogopa peke yako."

Mwalimu aliisoma mara mbili. Hakubisha. Alichomoa kalamu, akatia sahihi chini ya alama, akaikunja ile karatasi na kuitia kwenye mfuko wa shati, ule wa kushoto, akakaa kidogo amemshika mkewe mkono huku Afande akimsubiri mlangoni na mkebe wa biskuti kwapani.